Alama Mbili Kwenye Pipa la Karasha

Fundi,

Shikamoo. Naandika hivyo kwa mazoea tu, maana hata ulipokuwa hai hukuwahi kuniitikia kabla hujaikagua kazi. Nakusalimia asubuhi, wewe unainama kwanza kwenye mshono niliochomea jana yake, unaugonga kwa kinyundo, unatega sikio, unakuna kidevu. Ukiridhika ndiyo unasema, "Marahaba, Minza." Usiporidhika unatupa kinyundo chini, na mimi nachukua grenda nakata upya, salamu yangu imening'inia hewani. Miaka tisa hiyo. Wateja walikuwa wananicheka mpaka wakachoka.

Leo nimekuja na neno lingine na hili hutalipenda. Nimekaa kwenye benchi lako hapa karakana, Rwamgasa, asubuhi, mlango wazi. Gari la Shinyanga linapita saa nne. Kabla sijapanda lazima nikwambie kitu nilichokificha tangu tulipokuzika kwenu, kule upande wa Songwa.

Ni mimi niliyekuua.

Sijakosea kuandika. Ngoja nieleze, na kama huko uliko kuna namna ya kunitukana, nitukane kwa Kisukuma, yale matusi yako ya kwenye chuma cha moto, nitayastahili yote.

Kwanza nikupe habari za huku. Karakana yako imekufa. Ile kampuni ya nje ya kutengeneza mashine, ile ya yule kijana Deus, ilileta watu wake kuchunguza, wakakaa siku mbili wakipiga picha vipande vya lile karasha lililokuua. Halafu wakaandika ripoti. Ripoti inasema fundi wa Rwamgasa alijaza gololi za chuma za kusagia mawe pipani kupita maelekezo, kwa ubishi wake mwenyewe, akasababisha kifo chake mwenyewe. Fundi wa Rwamgasa ni wewe. Habari ikazunguka mialo yote, kila penye karasha likisaga mawe ya dhahabu. Wakaanza kusema, "Jilala alizidi ujuaji." Watu uliowachomea makarasha bila hata kuwaharakisha malipo, Fundi, watu waliokula ugali wako! Mmoja nilimrushia nati ikampata begani, hakurudi tena. Basi wateja wakaisha, na sasa kuku wa mkeo, Mama Kabula, wanalala ndani ya lile pipa bovu la mlangoni.

Na wao wameamua. Hawataki tena mbia. Wanajenga kiwanda chao wenyewe Shinyanga, chao peke yao, uzio mrefu, geti la chuma. Na wamenichagua mimi niwe msimamizi wa mafundi. Mimi! Leo ndiyo siku ya kwenda kutia sahihi. Kwenye karatasi walizonitumia kuna somo ambalo nitakuwa nawafundisha mafundi wapya kila wanapoajiriwa, na kichwa chake ni kosa la fundi wa Rwamgasa. Yaani nisimame mbele ya vijana nikueleze wewe kama mfano wa mjinga. 

Unakumbuka walivyoanza? Mwanzo hata sura zao hatukuzijua. Walikuwa na wakala Mwanza, makarasha yao yanakuja kwa meli yamepakwa rangi ya bluu, yanapendeza. Yakiharibika beringi moja, mtu anasubiri mpaka anasahau alikuwa anasubiri nini. Wachimbaji wakawa wanatuletea sisi tuyatengeneze, na wewe ukifungua unacheka, unasema, "Hili lilitengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuona jiwe letu." Mauzo yao yakalala.

Ndipo akaja yule wa pili, yule wa suti, na kifuko cha karatasi. Eti tutengeneze sisi, kwa michoro yao, tubandike jina lao, halafu kila karasha likitoka tuwalipe kwa ajili ya jina. Ulimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu ukanyanyua nyundo ya kilo tano. Sijawahi kuona mtu wa suti akiruka mtaro namna ile! Kiatu kimoja kilibaki na ulikifanya kopo la kuwekea elektrodi, kipo hapa mbele yangu.

Wa tatu ndiye Deus. Huyu hakuja na suti. Alikuja na ovaroli, kijana wa Chato, anakusalimia kwa Kisukuma cha kubabaisha, "mwadila baba," akakaa chini kwenye vyuma kama sisi. Ulimuuliza mchana ule tukila mihogo, "Nyie mnachaguaje mlango wa kuingilia kwa watu?" Akachukua chaki akachora kwenye bamba la chuma. Nakumbuka mpaka mkono wake. Akasema kampuni kubwa inaogopa mahali isipopajua. Kwa hiyo kwanza inauza kutoka mbali, kwa wakala, ikipata hasara ni kidogo. Ikianza kupaona inakodisha jina lake na michoro yake. Ikiona inahitaji mtu anayewajua wateja, na njia, na mawe, inatafuta mbia, mnagawana faida na mnagawana lawama. Na ikishajiamini, au ikishaumizwa na hao wabia, inajenga chake na kufunga geti. Alisema kila mlango una bei yake: ukitaka kuamrisha mambo yote lazima uweke mtaji wote, na ukitaka kuweka mtaji kidogo lazima ukubali kubishana na mtu kama Fundi Jilala.

Wewe ukasema, "Huo ni uchumba tu. Kwanza anatuma salamu. Halafu anaomba picha. Halafu anaomba akae sebuleni. Mwisho anahamia chumbani, na mwenye nyumba analala uani." Tukacheka wote, Deus alicheka mpaka muhogo ukampalia.

Mimi nilicheka lakini niliyashika maneno yako. Ulipokubali ubia nilihisi umenipiga teke la tumbo. Miaka tisa nimekula moshi wako. Ulinizaba kofi mbele ya wateja siku niliyochomea bila miwani, mpaka leo sikio la kushoto linalia mvua ikikaribia. Nilivumilia kwa sababu ya kitu kimoja tu, nacho unakijua. Alama. Lile J lako unalolichomea ubavuni mwa pipa likiwa tayari kutoka. Nilikuomba alama yangu mara tatu. Mara tatu ukasema, "Bado." Halafu wanakuja wageni, hata mwaka haujaisha, unawafungulia mlango! Nilipokuuliza kwa nini, ulijibu neno moja tu, "Nimezeeka," ukageukia kazi. Ungekaa chini ukanieleza, Fundi. Na mimi nina hasira na wewe, nisikufiche. Ulikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kusema na mtu vizuri.

Mabamba yao yakafika yamekatwa tayari, sisi kazi yetu kuunganisha. Niliyapima. Yalikuwa membamba kuliko yetu, hasa ule uso wa pembeni ekseli inapoingia. Nikamuuliza Deus. Hakuficha, alisema wakubwa wake wanaamini soko letu linataka rahisi, kwa hiyo wamepunguza chuma ili bei ishuke, ndiyo maana na gololi zimepunguzwa. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya lugha yao, yeye akatutafsiria kwa mdomo. Wewe ukanigeukia. "Minza, umesikia? Sisi tunajaza mpaka kiwiko. Hili lao mwisho kifundo cha mkono. Chuma chao si chetu."

Nikasema, "Ndiyo, Fundi."

Mkono ndiyo kipimo chetu, tangu ulipoanza. Unaingiza mkono kwenye tundu la pipa, vidole vinagusa chini, mwenzio anamimina gololi mpaka zifike kwenye kiwiko. Hakuna mtu mwingine ukanda huu anayepima hivyo. Ile siku Shija, mwenye mwalo aliyelinunua lile karasha la kwanza la ubia, alikuwa amealika watu, wachimbaji wamejaa, mchana jua kali, Deus ameshika simu apige picha za kuwatumia wakubwa. Kazi ya kujaza ulinipa mimi. Nikaingiza mkono. Zikafika kifundo cha mkono. Nikamwambia anayemimina aendelee, naye akadhani ni amri yako. Zikapanda. Nilizisikia baridi zikipanda mpaka kwenye kiwiko, na nilijua ninachofanya, Fundi, usije ukafikiri nilisahau. Nilitaka livunjike. Nilitaka ule uso mwembamba upasuke mbele ya Shija na wachimbaji wote, tope limwagike, watu wazomee, wale wageni waondoke na rangi yao ya bluu, na wewe urudi kwangu. Hayo tu ndiyo niliyotaka.

Nikafunga mfuniko, nikakaza bolti. Nikawasha injini. Mimi mwenyewe ndiye niliyewasha.

Sikufikiri utasimama pale. Naapa. Ile desturi yetu ni ya mwenye alama, aliyechomea alama yake ndiye anayesimama ubavuni, kiganja kwenye fremu, mpaka jiwe la kwanza liishe kusagika. Kila mteja ulimwambia, "Kama mimi naogopa kusimama hapa, kwa nini nikuuzie wewe usimame kila siku?" Lakini hili halikuwa lako. Lilikuwa lao. Nilikuwa na hakika utakaa mbali na Deus mkipiga picha.

Pipa limeshika mwendo, naona unatoka kwenye watu, unapangusa mikono kwenye suruali, unaenda mpaka ubavuni, unaweka kiganja. Halafu ukanigeukia ukapaza sauti. "Minza! Njoo usimame hapa!"

Nikatikisa kichwa.

Ukaita tena. Ulikuwa unatabasamu, wewe, ambaye nakuona ukitabasamu mara moja kwa masika. Nilidhani unanilazimisha niwapigie magoti wale wageni mbele za watu. Nikakaza shingo. Mkono wangu ulikuwa hapo hapo kwenye injini, kizimio hakikuwa hata na urefu wa mkono kutoka nilipo. Ningekivuta tu. Ningepiga ukelele tu, "Toka hapo, Fundi!" Nilikuwa najiambia litapasuka polepole, litavuja tu, utalowa tope. Na kiburi. Kiburi kilinishika nikakutazama tu.

Halikuvuja. Ule uso wa pembeni uling'oka mzima na ekseli yake, mlio ule hadi leo naukimbia nikisikia bamba likianguka. Pipa likadondoka linazunguka, na uzito wote ule nilioujaza kwa mkono wangu, likakanyaga chini likaruka mbele, likakubana kwenye nguzo ya zege. Gololi zikatoka kama zimefyatuliwa, moja ikavunja jino la Shija. Nguzo ikalala. Mguu wako ulikuwa upande mmoja na wewe upande mwingine. Damu yako ilichanganyika na ule unga wa jiwe la kwanza. Uliniangalia. Kifua kilikuwa kimeingia ndani, ungesema na nini.

Nikasimama na nikafanya la pili, baya kuliko la kwanza.

Nilipiga kelele kwamba mashine ya wageni imemuua Fundi. Nikaokota spana ile kubwa ya bolti za mfuniko, nikamfuata Deus aliyekuwa amepiga magoti anajaribu kukuvuta. Nikamzaba usoni kutoka ubavuni. Nilisikia taya likikatika. Nilimpiga kwa sababu nilijua si yeye, sina maelezo mengine. Akaanguka juu yako. Hapo watu wakamvamia, sululu, mateke, mawe, mmoja akamkanyaga mkono mpaka mfupa ukatoka. Gari lake walilipindua wakalichoma moto, matairi yakawa yanapasuka moja moja na watu wanashangilia. Waliomwokoa ni kina mama wa kuchekecha mchanga, walimlalia juu, wakapigwa na wao. Mimi nilikuwa nimekaa chini na spana yangu. Jicho lake la kulia halipo tena, Fundi.

Polisi walipomuuliza nani alianza, alisema hakuona. Kweli hakuona, nilimpiga kwa ubavuni. Na unajua nani aliyewaambia wakubwa wa Shinyanga wanichukue mimi? Deus. Alinipigia simu mwenyewe, maneno yanatoka yamepinda kwa lile taya, "Dada Minza, nimewaambia hakuna anayeyajua makarasha kama wewe." Nikamjibu asante. Nilisema asante, Fundi, nikakata simu nikajipiga kichwa ukutani mpaka Mama Kabula akaja mbio kunishika.

Hapo bado ningenyamaza. Nakwambia ukweli. Mtu anaweza kuzoea hata hilo. Nilikuwa nimeshanunua begi la safari. Lakini juzi nilikuwa nafagia karakana niwaachie kuku pasafi, nikavuta kile kipande kikubwa cha ubavu wa pipa ambacho wachunguzi walikiacha, maana hakikuwa na kazi kwao. Kilikuwa na tope lililokauka. Nikakipangusa kwa gunia.

Kuna J. Lako, lile la mkia mrefu. Na pembeni yake kuna M.

Niligonga kwa kinyundo kama ulivyonifundisha. Mshono mzuri, umetulia, wa mtu ambaye hakuwa na haraka. Uliuchomea asubuhi ile kabla sijafika, upande usio na mfuniko. Nikakimbia kwa Mama Kabula na kile kipande nimekikumbatia, kimenikata kifua, nikamuuliza hii ni nini. Akasema, "Hukujua? Ndiyo sababu alikubali." Akanitolea karatasi ya ubia kutoka chini ya godoro. Sharti la kwanza ulilowapa wageni ni kwamba kila karasha litakalotoka hapa litakuwa na alama mbili, na wewe ukichoka, karakana na nusu ya ubia ni vya Minza. Wao walikuwa hawataki. Deus ndiye aliyebishana nao mpaka wakakubali.

Kwa hiyo ulikuwa unaniita nije nisimame kwenye alama yangu. Nilingoja miaka tisa, nikaitwa, nikakataa, nikakuacha usimame peke yako kwenye mauti niliyoyapakia mwenyewe.

Jana nimemwambia Mama Kabula yote. Alikuwa anasonga ugali. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusonga. Halafu akachomoa mwiko akanipiga nao, shingoni, ugali wa moto umenikamata ngozi ikatoka nao. Akapiga tena. Sikukinga. Akaniita muuaji, akaniita nyoka aliyemlea, akalia, akanifukuza uani kwa mawe. Leo alfajiri amekuja hapa karakana amejifunga kanga kiunoni. Hakunisalimia. Alinipaka mafuta kwenye jeraha la shingo, kwa vidole vigumu, akasema, "Mimi sikusamehi. Ila nenda kamtoe mume wangu kwenye ile karatasi yao."

Ndiko ninakokwenda. Sitatia sahihi. Nitawaambia wakubwa wa kampuni nani alijaza gololi na kwa nini, na nitawaambia pia kwamba chuma walichotupunguzia sisi kilikuwa chembamba kwa jiwe letu, na kwamba walikuwa na mbia mwenye akili ambaye alifuata karatasi yao kuliko wao wenyewe. Wasiseme wamejenga geti kwa sababu ya ujinga wa Jilala. Wamelijenga kwa sababu ya wivu wa Minza. Waandike hivyo, wafundishe hivyo. Halafu nitamtafuta Deus, niweke mbele yake ile spana, nimwambie. Akinipeleka polisi nitapanda gari mwenyewe. Naogopa, Fundi, tazama mwandiko huu.

Siku nitakayoachiwa, kama ni kesho au ni nikiwa mzee kama wewe, nitarudi kwenye benchi hili. Nitachomea karasha moja la chuma kizito, chetu. Nitalijaza mpaka kiwiko. Nitachomea J na M, na nitasimama ubavuni, kiganja kwenye fremu, hata kama hakuna mteja hata mmoja aliyekuja kuangalia. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine ya maana.

Nasikia gari linapiga honi kule njia panda. Kipande chako nimekifunga kwenye kanga ya Mama Kabula, ni kizito, nitakipakata njia nzima.

Shikamoo, Fundi. Usiniitikie kwanza. Ngoja uione kazi.

Minza